Mshenga wa Umeme

Jumatatu, 2 Juni 2003

Mzee Gregori amekataa. Hapana, niandike vizuri. Amesema tusubiri. Kwa wazee wa Malolo maneno hayo mawili ni ndugu wa karibu sana.

Habari ameileta mshenga wangu, Mwalimu Jofrey wa Jiografia, aliyekwenda jana Malolo, huko Ruangwa, na pikipiki yake kunisemea kwa Mzee Gregori, mjomba wa Scholastika. Scholastika ni muuguzi wa zahanati huko Mnero. Ana mwanya, na akicheka anaufunika kwa mkono, tabia ambayo ningepewa uwezo ningeipiga marufuku. Mama yake alifariki zamani, na kwetu ukoo unafuata mama, kwa hiyo neno la mwisho ni la mjomba. Mjomba anasema bibi yangu mzaa mama na bibi yao mkubwa walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji katika msafara mmoja, wakapika chungu kimoja. Huenda ni tumbo moja. Hawezi kumwoza mpwa wake kwa ndugu yake. Anamtaka mama yangu aende Malolo, wakae, wataje watu wa kila upande.

Wakae, wataje watu! Karne ya ishirini na moja hii!

Mama alishaanza kupanga kanga zake kwenye kikapu. Nikamwambia apangue. Shule yetu ina kompyuta, na mimi Silvanus ni mwalimu wa Hisabati. Yule mwalimu wa kujitolea aliyerudi kwao aliacha ndani yake lugha moja ya kompyuta, inaitwa Lisp, pamoja na kitabu chake kinene, ambacho nimeshasoma sura ya kwanza na ya mwisho. Ni lugha ya orodha na mabano. Nitaipa majina ya watu wa kwetu na wa kwao, kila mtu na mama yake. Kisha nitaiuliza: Silvanus na Scholastika wana bibi mmoja? Itajibu papo hapo. Mashine haina ukoo, haikosei, na haihitaji kuchinjiwa kuku.

Nimemwachisha Jofrey ushenga. Nikamwambia kuanzia leo mshenga wangu ni wa umeme. Akacheka, akasema haya, profesa. Bahati mbaya shule zimefungwa na ufunguo wa chumba cha kompyuta anao yeye. Halafu nasikia wiki iliyopita alimpa Scholastika lifti kutoka Mnero, na Scholastika akashuka na sweta la Jofrey. Sweta la nini?

Nimemtuma dereva wa basi la Ruangwa amwambie Mzee Gregori aje Jumapili, aone kwa macho yake.

Jumanne, 3 Juni

Umeme ulikuwepo tangu asubuhi. Niliandika programu nzima kabla uji haujapoa. Nikabonyeza. Kompyuta kimya. Kitabu kinasema ikikaa kimya namna hiyo inasubiri, kuna mabano mahali hayajafungwa.

Yapi? Kioo kizima ni mabano!

Nikabuni njia. Nilichukua mbaazi za mama. Kila nikikuta bano linalofungua, naweka punje mezani. Kila linalofunga, natoa punje. Meza ikibaki tupu, programu ni safi. Njia nzuri, inafaa kufundishwa vyuoni. Nilipofika mwisho meza ilikuwa tupu kabisa. Nikabonyeza kwa madaha. Kimya.

Kumbe dada yangu Rosa alikuwa ameniletea chakula pamoja na binti yake Semeni, mtoto wa miaka mitatu, na huyo Semeni alisimama upande wa pili wa meza akila hesabu zangu. Nilipomgombeza akatoa punje moja mdomoni akanipa. Imelowa, lakini ametoa kwa moyo mmoja. Nikaipokea. Ningefanya nini?

Nimerudia kwa vifuniko vya soda. Bano moja lilikosekana mwishoni kabisa. Si kosa langu, mimi niliandika. Bano la kufunga liko kwenye kitufe cha sifuri, na kitufe hicho kimeingia vumbi la salfa, maana mji mzima watu wanapulizia mikorosho. Nitayapeleka mbele malalamiko kuhusu kibodi hii.

Jumatano, 4 Juni

Scholastika alikuja mjini kuchukua chanjo za zahanati yao, akapita kunisalimia. Alikuja kwa basi. Naandika hilo kwa makusudi.

Nikataka kumwonyesha. Nikauliza mashine: Silvanus na Scholastika? Ikajibu NIL. Maana yake hakuna, hamna kitu, hawana bibi mmoja! Niliruka. Nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Scholastika akaniomba niulize pia mimi na Rosa, ambaye tumenyonya ziwa moja. NIL. Mimi na mama yangu mzazi? NIL. Kwa mujibu wa mashine, wilaya nzima ya Nachingwea hakuna mtu mwenye ndugu. Kumbe nimeifundisha kutafuta ndugu na sijaipa ndugu hata mmoja. Nikamweleza kwamba hilo ni jaribio la awali, na hata Ulaya huwa wanaanza hivyo.

Hakunicheka. Alivuta kiti, akanitajia watu wa kwao nikawa naingiza. Yeye, mama yake ni Laurencia. Laurencia, mama yake ni Semeni, ambaye ndiye aliyemzaa Mzee Gregori pia. Semeni, mama yake ni Teodosia, aliyevuka Ruvuma. Jina la mama yake lilipotokea kwenye kioo, LAURENCIA, kwa herufi kubwa za kijani, aliinama karibu na kioo. Akasema tangu amzike hajawahi kuliona jina hilo limeandikwa mahali pengine zaidi ya msalabani. Akaligusa. Alama ya kidole chake imebaki kwenye kioo na sitaifuta.

Halafu akaniuliza, mashine ikisema sisi ni ndugu, itakuwaje? Nikajibu mashine husema kweli tu. Akasema anajua, ndiyo maana anauliza.

Nilimsindikiza hadi stendi nikiwa nimembebea kasha la chanjo. Lina barafu. Vidole vyote vilikufa ganzi na nilikataa kulishusha. Nampenda huyu mtu, basi.

Alhamisi, 5 Juni

Leo nimeingiza watu wa kwetu. Silvanus, mama yake ni Semeni. Rosa, mama yake ni Semeni. Semeni, mama yake ni Moza, aliyevuka Ruvuma. Nikamalizia na mtoto wa Rosa: Semeni, mama yake ni Rosa. Mtoto amepewa jina la bibi yake, yaani mama yetu. Ndivyo tunavyofanya huku, jina la mzazi haliachwi lipotee.

Nikaiambia mashine inipandie ukoo wangu hadi juu. Ikaanza vizuri. SILVANUS, SEMENI, ROSA, SEMENI, ROSA, SEMENI, ROSA. Haikusimama! Kioo kikajaa, kikapanda, kikajaa tena. Nikapiga kibodi. Nikapiga meza. Mwisho ikaandika kwa Kiingereza kwamba imejaa, haina nafasi hata ya herufi moja, ikaganda.

Nikakagua kila bano. Nikaazima kibodi ya mashine ya jirani. Vile vile. Nikamshuku Jofrey, maana ana ufunguo na ana pikipiki. Nikamuuliza kwa ujanja kama majina ya Rosa na Semeni yanamwambia chochote. Akaniangalia, akaniuliza kama nimekula.

Si Jofrey. Nimejua jioni hii nyumbani. Rosa alikuwa anamfukuza mtoto amwogeshe, huku akiita mama, njoo hapa mama, nitakuchapa mama! Rosa hawezi kumgombeza mtoto kwa jina la mzazi wake, ingekuwa matusi, kwa hiyo humwita mama. Na mama yetu naye akaitika toka jikoni kwamba anakuja. Nikasimama katikati ya ua. Mashine imefanya vile vile! Inajua jina, haijui mtu. Kwake Semeni ni mmoja tu, na mama aliyeandikwa mwisho ndiye anayebaki. Niliposema mama wa Semeni ni Rosa, ilimfuta bibi Moza wa watu, ikamweka Rosa. Kwa hiyo Rosa amezaliwa na mama, na mama amezaliwa na Rosa, na watazaana hivyo mpaka umeme ukatike.

Kosa langu lilikuwa kuwaeleza. Mama alifurahi, akasema kumbe kitu hicho kina akili. Rosa, ambaye nimemtangulia kuzaliwa na nilimbeba mgongoni, akakalia kiti changu akatangaza kwamba yeye sasa ni bibi yangu, nimwamkie. Nilikataa kwa heshima zote. Baadaye nilisema shikamoo kwa sauti ndogo, kwa sababu mwiko alikuwa ameshika yeye.

Ijumaa, 6 Juni

Dawa ni rahisi. Namba! Mama atakuwa Semeni Moja, mtoto atakuwa Semeni Mbili.

Mama amekataa. Amesema wanaopigwa namba ni ng'ombe wa kuchanjwa. Nikamweleza kwamba namba moja ni heshima kubwa. Akasema hagombei heshima. Anachosema ni kwamba yeye na mtoto huyu hawahesabiki mmoja, wawili. Siku akiondoka duniani watu watamwita mtoto, na yeye ataitika humo humo. Sasa mimi amenisomesha, nimekuwa mwalimu, nimerudi kumwambia mtoto ni mwingine. Aliyasema hayo polepole akichambua mchele, hakuniangalia. Nilijisikia vibaya sana. Nikaketi kumsaidia. Nikatupa mchele nikaacha mawe, akaninyang'anya ungo.

Baadaye nikamuuliza, basi aingie kwa jina gani. Akafikiri. Akasema katika majina yote aliyowahi kuitwa, moja alilipenda kuliko mengine. Alilipata siku niliyozaliwa. Wanawake walikuja kumpongeza, wakamwita Mama Silva, na alikuwa akijilaza huku akilirudia peke yake chini ya shuka. Kama lazima awe na jina la kwenye mashine, niandike hilo.

Nimeliandika. MAMA-SILVA. Nilikosea mara kadhaa kwa sababu kioo kilikuwa na ukungu, au macho yangu.

Jumamosi, 7 Juni

Inafanya kazi! Inafanya kazi!

Mimi na Rosa? MAMA-SILVA, bibi Moza juu yake. Scholastika na Mzee Gregori? SEMENI, Teodosia juu yake. Silvanus na Scholastika? NIL! Na safari hii ni NIL ya kweli, yenye ushahidi. Nimerudisha orodha ya Jumatano na kuingiza upya watu wa kwetu, ila mtoto wa Rosa sijamrudisha. Hana kazi katika posa.

Nimetembea mji mzima nikitangaza. Nimemwambia kinyozi, nimewaambia wapiga debe wa stendi, nimemwambia katekista. Mashine haikosei. Mzee Gregori amejibu kwamba anakuja. Analetwa na Jofrey kwa pikipiki. Kwa nini Jofrey yumo katika kila kitu?

Jumapili, 8 Juni

Sijui nianzie wapi.

Walikuja wote baada ya Misa. Mzee Gregori, mrefu, koti zito, kofia ya sufu, hakucheka hata alipoamkiwa na mtoto. Scholastika na gauni la bluu. Mama, Rosa, mtoto. Jofrey na ufunguo. Umeme upo! Nikatoa hotuba. Nikasema binadamu husahau, binadamu hupendelea, binadamu hudanganya, lakini mashine haikosei kamwe. Mzee Gregori akauliza: kamwe? Nikasema kamwe. Nikarudia na kwa Kiingereza.

Nilikuwa nimeshainua kidole. Hapo mtoto akauliza kama na yeye yumo humo ndani. Mama alinitazama, kisha akatazama chini akawa anaweka sawa kanga yake. Nikaona aibu. Ukoo mzima umo, hadi marehemu wamo, na aliyebeba jina nimemwacha mlangoni! Mama alishakuwa MAMA-SILVA, kwa hiyo hatari haikuwepo tena. Nikampakata mtoto, nikashika kidole chake, tukaandika pamoja: Semeni, mama yake ni Rosa. Mama akatabasamu. Scholastika akafunika mwanya. Ningekufa dakika ile ningekufa nimeshiba.

Nikabonyeza. Haikusema NIL. Ilisema MAMA-SILVA.

Na ikataja njia yote, maana nilikuwa nimeifundisha kutaja njia ili ipendeze. Scholastika, mama yake ni Laurencia, ambaye mama yake ni Semeni, ambaye mama yake ni Rosa, ambaye mama yake ni Mama Silva. Yaani Scholastika ni kitukuu wa dada yangu! Mimi ni mjomba wa bibi yake!

Jofrey akakohoa. Mimi nilielewa palepale. Mama yake Mzee Gregori naye alikuwa Semeni, nilimwingiza mwenyewe Jumatano kwa mkono wangu. Marehemu Semeni wa Malolo na Semeni niliyempakata, mashine imewafanya mtu mmoja. Nikafungua mdomo niseme hivyo. Nikasema, kibodi.

Lakini Mzee Gregori hakunisikia. Aliuliza kama mashine inasema mama yake mzazi, Semeni, ndiye huyu mtoto. Rosa kwa mshtuko akajibu ndiyo, baba. Mzee akavua kofia. Akachuchumaa mbele yangu, magoti yakalia, akamwita: mama. Mtoto amezoea kuitwa hivyo kila siku. Akaitika abee. Kisha akamfuta mzee uso kwa kiganja chake, maana ulikuwa umelowa.

Nani angesema kitu? Alimbeba mpaka nyumbani. Walikula sahani moja. Alisimulia kwamba mama yake alifariki yeye akiwa kibaruani mbali, akafika Malolo kukiwa na kaburi tu. Hakuwahi kumuaga. Wakati wa kuondoka akasimama, akatoa uamuzi. Mashine imesema, na mwalimu amesema mashine haikosei kamwe. Kwa hiyo sisi ni tumbo moja, na ndugu hawaoani. Akapanda pikipiki.

Scholastika alikuwa ameangalia mikono yake muda wote.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeandaa maelezo. Umeme ulikuwa mdogo. Salfa. Kibodi. Joto la watu wengi chumbani. Nitachagua moja.

Jofrey amekuja kunishauri. Anasema niende Malolo niseme nimekosea, ni neno moja tu, hata Jiografia wanakosea. Rahisi kwake. Hakuna aliyemsikia yeye akisema kamwe kwa lugha mbili.

Jumatano, 11 Juni

Jogoo amefika kwa basi la Ruangwa, pamoja na kipande cha kitenge. Vimetumwa na Mzee Gregori kwa ajili ya mama yake. Mtoto amejifunga kitenge na anamwogopa jogoo.

Scholastika naye alikuja. Nilimwambia anajua wazi sisi si ndugu. Akasema anajua. Nikamwambia hata mjomba wake anajua, si mjinga, kaburi la mama yake liko pale Malolo. Akasema ndiyo, anajua, lakini tangu Jumapili anavuna ufuta huku akiimba, na alikuwa haimbi. Anaomba tu asiwepo mtu wa kumwambia mashine imekosea, maana ikikosea mama anaondoka tena. Watu wengine wote wanaona huruma kumwambia. Aliyesema haikosei ni mimi, na wa kuliondoa neno ni mimi.

Nikamwambia usijali, nitamweleza kuhusu kitufe cha sifuri.

Halafu akasema anaweza kuolewa na mtu anayekosea. Hata yeye hukosea, huwa anachoma sindano ikabidi arudie. Hawezi kukaa na mtu ambaye kila siku imekosea kibodi. Chumvi ikizidi, kibodi. Mtoto akianguka, kibodi. Akaniaga kwa adabu zote, akaniita mwalimu. Hakufunika mwanya kwa sababu hakucheka.

Nimekaa chumba cha kompyuta bila kuiwasha. Ile alama ya kidole bado ipo.

Jumamosi, 14 Juni

Malolo.

Nilimrudishia Jofrey ushenga. Hakutaka hata kuombwa radhi, alisema alijua tu na pikipiki alishaijaza mafuta. Kuhusu sweta: lilichanika kiwiko na Scholastika alikuwa analishona. Jofrey ana mchumba wake Mbeya. Wiki nzima nilimchukia bure, na nilimchukia kwa bidii.

Yeye alitangulia. Mimi, mama na mtoto tulipanda lori la ufuta hadi Ruangwa, tukamalizia kwa miguu. Mzee Gregori alikuwa ametoa kigoda cha marehemu mama yake, amekiosha, akamkalisha mtoto. Mtoto alikaa na kitenge chake kama mwenye mji.

Nikaanza. Nikasema, mzee, unajua umeme wa Nachingwea. Nikasema, halafu kuna hili vumbi la salfa. Nikamwona Scholastika mlangoni, ameshika sinia, anasubiri kama anavyosubiri mgonjwa apumue.

Nikasema mashine haikukosea. Nimekosea mimi. Niliipa watu wawili jina moja nikadhani itawatambua, na niliwaambia haikosei kwa sababu nilitaka mnione nina akili. Mama yako ni mwingine na mtoto huyu ni mwingine. Naomba unisamehe.

Sijawahi kusema jambo gumu namna ile. Nilikuwa namnyang'anya mzee mama yake mbele ya kigoda chake. Nikalia. Mtoto akateremka, akanipa punje ya mbaazi kutoka kwenye fundo la kitenge. Sijui ameitoa wapi.

Mzee Gregori alikuwa anaangalia kigoda kilichobaki kitupu. Hapo mama yangu akasema, kaka Gregori, mwanangu anahesabu watu kwa tumbo tu. Kwa tumbo, mama yangu Moza na bibi yenu Teodosia walikutana kivukoni wakapeana moto. Chungu kimoja siku moja, kisha kila mtu na njia yake. Tungekaa tangu mwanzo tungemaliza kabla maji hayajachemka. Lakini jina nalo lina watu wake. Kwa jina, huyu ni mama yako, na hakuna mashine wala mwalimu wa kukunyang'anya.

Mzee akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtoto ataletwa kumsalimia msimu wa korosho. Mama akasema ataletwa kila msimu. Mzee akavaa kofia. Akamwambia Scholastika alete maji, wageni wanawe.

Mimi nilidhani ni maji tu. Jofrey akanifinya paja. Kumbe ndiyo jibu: posa imekubaliwa.

Jumapili, 29 Juni 2003

Harusi baada ya korosho. Scholastika amesema akijaliwa binti wa kwanza atamwita Laurencia, jina la mama yake. Nimeona nimwandalie zawadi. Nimekwenda chumba cha kompyuta, umeme mzuri, kitufe cha sifuri nimekisafisha kwa pamba na spiriti. Mama wa Scholastika ni Laurencia, huyo yumo tangu ile Jumatano. Nikaongeza mtoto wetu mtarajiwa: Laurencia, mama yake ni Scholastika. Nikaiambia mashine itutajie ukoo wa binti yetu. Safari hii hakuna cha kuharibika.

LAURENCIA, SCHOLASTIKA, LAURENCIA, SCHOLASTIKA, LAURENCIA.

Haikusimama! Nikapiga meza. Nikatafuta vifuniko vya soda. Scholastika alikuwa ameingia na korosho za kukaanga, amesimama nyuma yangu. Nikataka kuzima haraka kabla hajaona aibu hii. Akanishika mkono. Akavuta kiti, akakaa. Majina yakapanda kioo kizima, mama na binti, binti na mama, hakuna aliyetangulia na hakuna aliyeachwa nyuma, yakawa yanapita juu ya ile alama ya kidole chake. Tuliangalia mpaka mashine ikajaa. Akaniambia rudia. Nikarudia. Akaniambia tena.

Alipomaliza kufuta macho akaniuliza, kwa upole wote, kosa liko wapi safari hii.

Nilifikiri kwa makini, kama mtu mzima na mchumba wa mtu. Nikamwambia ni kibodi.